Anza na kifungu cha tafsiri

Ndugu, umeuliza utautambuaje muswada wa kupambana na ugaidi unaolenga kuwanyamazisha wakosoaji, na kama maoni ya raia yana faida yoyote.

Fungua kwanza kifungu cha tafsiri, yaani sehemu ya muswada inayoeleza maana ya maneno yaliyotumika. Kama "ugaidi" umeelezwa kwa upana kiasi kwamba mgomo au maandamano yanaweza kuingizwa humo, hapo ndipo pa kupigia kelele. Kisha tazama nani anatoa kibali cha kunasa mazungumzo ya simu na kumweka mtu mahabusu: hakimu, au polisi wenyewe? Na je, sheria ina tarehe ya ukomo? Mamlaka ya dharura yasiyo na ukomo huzoeleka haraka sana.

Faida ipo. Kenya ilipitisha marekebisho ya sheria za usalama Desemba 2014, bungeni kukiwa na vurugu. Kimojawapo cha vifungu kilitishia kifungo cha hadi miaka 3 kwa kuchapisha habari zinazodaiwa kudhoofisha uchunguzi wa ugaidi. Wapinzani na watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8, hicho kikiwemo.

Kwa hiyo andika maoni yako, ukitaja namba ya kifungu na maneno unayotaka yabadilishwe. Malalamiko ya jumla hupuuzwa kirahisi.