Sherehe ya urithi wa Waasia chuoni: waulizeni wenyewe kwanza

Dada, nimekuelewa: umeingizwa kwenye kamati ya Mwezi wa Urithi wa Waasia hapo chuoni Marekani, na unaogopa usiishie kwenye sambusa na mavazi tu. Hofu yako ni ya haki. Sababu mojawapo ya kuchagua Mei ni kwamba Mei 10, 1869 ilikamilika reli ya kuvuka bara la Amerika, iliyojengwa kwa jasho la maelfu ya Wachina. Hilo lisimuliwe jukwaani.

Ila Mei wanafunzi wako kwenye mitihani au wameshaondoka. Sisi tulihamishia Aprili, ukumbi ukajaa. Kaeni kwanza na Wavietnamu, Wahindi, Wafilipino, muwaulize wanataka nini, msiwachagulie. Kila sinia libandikwe karatasi ya kutaja kilichomo: karanga, kamba, nguruwe. Taa za mafuta msiwashe bila kibali cha idara ya usalama.