Anko wa Vitabu anajibu: Lanzarote imewagombanisha

Haya jamani. Toleo lililopita nilidokeza mstari mmoja tu kwamba nimesoma Lanzarote, ile riwaya fupi ya Mfaransa Michel Houellebecq ya mwaka 2000, nikaimaliza nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, na kwamba mwisho wake nimeuona wa kubuni sana. Kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimejaa. Kwa ambaye hajaisoma, jamaa mmoja wa Paris anagundua Desemba 1999 kwamba mkesha wa mwaka mpya utaharibika kama kawaida yake, anaingia kwa wakala wa safari, anauziwa Lanzarote, kisiwa cha Hispania jirani na pwani ya Morocco. Huko anakutana na Rudi, polisi wa Ubelgiji aliyeachwa na mkewe, na mabinti wawili wa Kijerumani, kinachofuata ni mambo ya wakubwa, halafu linaingia dhehebu la watu wanaongoja viumbe wa sayari nyingine, halafu Rudi anaishia mahakamani kwa kesi ya kunajisi watoto. Haifiki hata kurasa 100.

Shikamoo Anko. Sie ni wafanyakazi wa hoteli huku Paje, Zanzibar, mgeni kaondoka kakiacha hicho kitabu chumbani, kina mchanga katikati na jalada limelowa mafuta ya jua, basi tukakisoma kwa zamu, mie wa mapokezi, dada wa usafi wa vyumba na kijana anayefundisha kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji. Sasa hatuelewani. Dada anasema hajasoma kitabu cha kweli kama hicho, wageni ndivyo walivyo hasa. Kijana anasema upuuzi mtupu, hamna stori. Mie nauliza tu, huyu mwandishi anawacheka wageni au anatucheka sie? Halafu mgeni kaacha risiti ya pweza ukurasa wa 31, inaonyesha hakuendelea. Tukirudishe au tukae nacho?

Marahaba wanangu. Anawacheka wageni, na anajicheka yeye mwenyewe, nyie hamumo kabisa. Na hapo ndipo pananiuma mimi. Funga kitabu halafu nitajie mwenyeji mmoja wa Lanzarote unayemkumbuka, jina lake, kazi yake, alisema nini. Mimi nilijaribu nikaambulia patupu. Kuna basi la matembezi, kuna bwawa la kuogelea, kuna mawe, mawe mengi sana, kayaandika vizuri mpaka unahisi ukavu kooni, lakini wenye kisiwa ni kama mashuka, yanabadilishwa asubuhi na hujui na nani. Dada wa usafi atanielewa.

Sasa angalia kilichompita mbele ya macho. Yale mawe yana habari yake. Septemba 1, 1730 ardhi ya Lanzarote ilipasuka, volkano ikamwaga moto na majivu mpaka 1736, miaka karibu sita, vijiji vikafukiwa na mashamba mazuri ya kisiwa yakaenda nayo, na padri wa kijiji cha Yaiza alikuwa anaandika kumbukumbu ya yanayotokea. Watu wakabaki na jangwa jeusi, mvua yenyewe ya kubahatisha. Wakafanyaje? Pale panapoitwa La Geria wakachimba mashimo kwenye yale majivu mpaka kuufikia udongo wa zamani, kila shimo mzabibu wake, pembeni wakapanga kijiukuta cha mawe nusu duara kuzuia upepo, kwa sababu majivu yale yanashika umande wa usiku na kuutunza chini. Mpaka leo divai inatoka humo. Mtalii anapita na basi anasema duh, kama mwezini, anapiga picha anaondoka.

Si ndiyo hapo kwenu? Maji yakitoka kina mama wanateremka na vijiti, kamba na tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani, wanainama kwenye mwani saa nzima mgongo ukiwaka jua, na mgeni juu ya kiti cha kulalia anaona rangi nzuri za kanga. Hana ubaya, haoni tu.

Kwa hiyo dada na kijana wote wana haki, ila kwa nusu tofauti za kitabu. Nusu ya kwanza kutoona kwenyewe ndiyo hadithi: huyu jamaa amebeba uchovu wake kutoka Paris kama begi la mkononi, akilitua pale linabaki begi lilelile, na mwandishi anajua anachofanya. Nusu ya pili sasa, naona yeye mwenyewe kachoka, anarusha mabinti, anarusha dhehebu, na sisi tunaburuzwa tu nyuma. Kijana wa kaiti, hapo sikugombezi.

Anko, mimi ni msomaji wako wa Mombasa na leo umenivunja moyo. Kitabu kinasema vibaya nchi za Waislamu tangu pale kwa wakala wa safari, na wewe unakitangaza?

Dada yangu ni kweli, msimuliaji ana maneno ya kukera na sitakuambia ni utani tu wa kwenye hadithi, maana mwaka 2001 mwandishi mwenyewe aliongea na jarida moja la Ufaransa akautukana Uislamu kwa mdomo wake, akashtakiwa Paris, Oktoba 2002 mahakama ikamwachia. Mahakama kumwachia ni jambo moja na wewe kuumia ni jambo lingine. Mimi nilisoma mpaka mwisho kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Wewe hulipwi, kiweke chini.

Jambo kaka. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Brussels miaka mingi. Uliandika kwamba mwisho wa kile kitabu ni wa kubuni sana, ile kesi ya watoto. Kaka, hukuwa huku.

Sikuwa huko, na nimekubali kukosolewa. Mwaka 1996 Ubelgiji ilitikisika na kesi ya Dutroux, mtu aliyeteka na kuua wasichana wadogo, na Oktoba ile watu kama 300,000 waliingia barabarani Brussels wamevaa na kushika vitu vyeupe kwa hasira dhidi ya polisi na mahakama. Sasa mwandishi anamchukua polisi wa Brussels, mwaka 2000, miaka minne tu baadaye, anampeleka kwenye kesi ya kunajisi watoto. Msomaji wa kule hakuona kitu cha kubuni, aliona kidonda chake. Ila nitabisha kidogo: jambo zito hivyo kulimaliza kwa kurasa chache za mbiombio, hapana, Rudi alistahili zaidi. Ndiye mtu pekee mle ndani niliyemwonea huruma.

Anko nimeboeka hadi basi. Nani atanirudishia hela?

Si mimi.

Kuna kitabu kingine cha kisiwa hicho, ambacho hakina hayo mambo?

Houellebecq mwenyewe alikirudia kisiwa mwaka 2005 kwenye riwaya kubwa zaidi, lakini hayo mambo yamo tele, nisikudanganye. Jaribu José Saramago, yule Mreno wa Nobeli ya 1998. Alihamia Lanzarote mwaka 1993 baada ya serikali ya kwao kumwekea kauzibe riwaya yake moja, akakaa kwenye mji wa Tías mpaka alipofariki 2010, na aliandika shajara zake za huko. Huyo hakuwa na tiketi ya kurudi wiki inayofuata, ndiyo maana upepo, majirani na mbwa wa nyumbani wanapata nafasi.

Nyie wa Paje, nilitaka kusahau. Kitieni kwenye lile kabati la vitu vilivyosahauliwa, na ile risiti ya pweza msiitoe, ibaki palepale ukurasa wa 31.