Jibu: Shairi langu limechapishwa kwa jina la mtu mwingine

Habari za leo, dada. Umeuliza kama umepoteza haki juu ya shairi lako la wavuvi wa dagaa wa Kibirizi kwa sababu uliliweka mtandaoni bila kulisajili, na sasa mtu amelichapisha kwa jina lake baada ya kubadilisha beti mbili. Hujapoteza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki huanza pale kazi inapotungwa. Usajili wa COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia katika kuthibitisha.

Kwanza linganisha mashairi hayo mshororo kwa mshororo. Wavuvi, karabai na giza la ziwa ni vya kila mtunzi wa Kigoma. Kinacholindwa ni namna ulivyovisema, yaani maneno yenyewe na mpangilio wako. Utenzi wangu ulipochukuliwa, huku Ujiji, kilichonisaidia ni daftari la rasimu lenye mistari iliyokatwa na tarehe pembeni, kwa kuwa aliyenakili hakuwa na rasimu ya kuonyesha. Piga picha ya skrini ya chapisho lake, tarehe ionekane, kabla hujamwandikia, maana wengi hufuta wakishtuka. Kisha mtake kwa maandishi aliondoe, na akikaidi, waripotie wenye mtandao huo.

Usikubali akisema ataongeza tu jina lako chini. Kumtaja mtunzi ni jambo moja, na ruhusa ya kuchapisha ni jingine, nayo ni yako kuitoa au kuinyima, maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Madai ya fidia mpelekee wakili, hayo siyawezi.