Jibu: Je, wakili anaweza kuwaonyesha ndugu zangu nyaraka nilizompa?

Ndugu, umeuliza kama wakili wa hapa Tanga uliyemkabidhi kitambulisho chako cha NIDA, taarifa za benki na hati ya nyumba ya Ngamiani kwa ajili ya mirathi anaruhusiwa kuwaonyesha ndugu zako bila idhini yako. Haruhusiwi. Siri baina ya wakili na mteja inalindwa na Sheria ya Ushahidi, nayo haikomi kazi inapomalizika. Makarani wake pia wanabanwa na wajibu huohuo. Ila nyaraka zikishawasilishwa mahakamani, wahusika wa shauri wanaweza kuziona, kwa hiyo kubalianeni mapema ni zipi zitakazowasilishwa.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze lengo lake na asizitumie kwa jambo jingine.

Binafsi, kinachonitia hofu zaidi ni uzembe wa kila siku: faili lililoachwa wazi mezani pa mapokezi, hati iliyopigwa picha kwa simu ya karani ikatumwa WhatsApp, au nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani baada ya kuchapishwa. Muulize wakili waziwazi faili lako linafungiwa wapi na nani ana ufunguo, kisha udai maandishi yaliyosainiwa yanayoorodhesha kila hati halisi uliyomwachia. Taarifa zikivuja, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiukaji wa maadili ya uwakili hushughulikiwa na Kamati ya Mawakili.