Karabai ya kale: upepo kwanza, moto mwisho

Taa za betri zimechukua kazi ya dagaa, na karabai nyingi zimebaki stoo au zinauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Zisiuzwe. Karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu, ni tangi, pampu na mrija mmoja wa mvuke, na karibu kila kinachoharibika ndani yake kinaonekana kwa macho na kinabadilishika kwa mkono. Taabu huanza pale mtu anapokimbilia kiberiti. Hakikisha tangi linashika upepo kwanza, kisha tia mafuta, moto uwe wa mwisho. Vipimo vya hapa ni vya Petromax ya nguvu ya mishumaa 500, na vya zile zilizonakiliwa China kama Anchor na Butterfly. Mwenye Tilley ya Uingereza afuate majibu ya pampu na usafi. Kichwa cha taa yake kimeundwa vyengine.

Nina karabai ya marehemu baba. Nikipiga pampu, chuma kinateleza tu, hakikazi. Ninunue pampu nzima? (Mkokotoni)

Usinunue. Ngozi imekauka. Kwenye ncha ya chuma cha pampu pana kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe, mdomo umeelekea tangini. Ukisukuma, upepo unaupanua mdomo ule ukashikana na ukuta wa mrija. Ukivuta, unalegea na hewa mpya inapita pembeni. Ngozi iliyokaa miaka bila mafuta hunywea, na upepo unarudi ulikotoka.

Zungusha kifuniko cha pampu, vuta chuma chote. Ikiwa ngozi haijapasuka, iloweke usiku mzima katika mafuta ya cherehani. Asubuhi ikande kwa vidole mpaka iwe laini kama ndewe ya sikio, kisha upanue mdomo wake. Mafuta ya kupikia tunayakataza, kwani yakikaa hugeuka ulimbo. Irudishe kwa kuizungusha polepole, mdomo usijikunje ndani.

Ikiwa imepasuka, nenda kwa fundi viatu ukaombe kipande cha ngozi ya mkanda, unene wa milimita 2 hivi. Ngozi laini ya mkoba haifai, haishiki umbo. Kata duara linalozidi upana wa mrija kwa milimita 8 hadi 10, toboa katikati, loweka katika maji ya vuguvugu, halafu ikandamize kwa bolti ndani ya kipande cha bomba chenye upana sawa na mrija wa pampu. Iache humo siku mbili ikauke, ndipo uitie mafuta. Ukiitia mafuta ikiwa bado mbichi, kikombe hufunguka tena kikawa sahani.

Yangu inakaza vizuri, lakini nikiachia mkono chuma kinapanda chenyewe, na nimekuta mafuta ya taa ndani ya mrija wa pampu. (Wete)

Hiyo si ngozi. Chini kabisa ya mrija wa pampu kuna vali ndogo inayopitisha upepo kuingia tangini na kuuzuia usirudi. Ndani yake mna springi na kipande cha mpira au cha koki (gome la vizibo vya chupa). Mpira umeota shimo pale unapokalia tundu, au umekauka.

Kazi iko kwenye kuitoa. Tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu, uache mpaka kesho. Tumia bisibisi ndefu ambayo ulimi wake unajaza mfereji wa vali wote. Ulimi mwembamba utaila shaba, na baada ya hapo hutapata pa kushika. Isipolegea, usiongeze nguvu. Mrija wa pampu umeungwa tangini kwa risasi, na mkono wenye hasira huusokota mrija ukaachia. Ongeza mafuta, subiri siku nyengine.

Mpira wa ndani wa baiskeli ndio kila mtu anaoukimbilia, na ndio unaowaangusha: mafuta ya taa huuvimbisha, ndani ya wiki chache vali imeziba au inavuja tena. Tafuta mpira unaostahimili mafuta, aina ya nitrili, kama ule wa mipira ya kuzuia mafuta kwenye injini za magari. Onyo hilo hilo ni la washa, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ya kifuniko cha mafuta.

Ukimaliza, tangi likiwa tupu, funga kila kitu, piga pampu mara kumi na tano, lizamishe kwenye ndoo ya maji, geji (kipimo cha shinikizo) ibaki juu. Mapovu yatakuonyesha: kifunikoni, kwenye vali, au shina la kichwa cha taa. Yakitoka kwenye ufa wa shaba yenyewe, hiyo ni karabai ya kupambia sebule. Usimruhusu mtu aunge ufa halafu uje uitie moto.

Nisafishe kwa nini shaba ing'are bila kuiharibu? (Mjini Unguja)

Kwanza jua una nini. Nyingi zilipakwa nikeli juu ya shaba, na nikeli ile ni nyembamba. Msasa au waya wa chuma ukiipita mara mbili imekwisha. Nikeli ioshe kwa sabuni na maji ya moto, alama ngumu zisugue kwa kitambaa chenye unga wa chokaa laini. Shaba iliyo wazi inakubali ukwaju au ndimu na chumvi, kama vyombo vya jikoni, ila asidi isikae. Dakika chache, suuza, kausha juani. Ikilala nayo, asidi hula zinki iliyomo ndani yake, na shaba inabaki na mabaka mekundu yasiyotoka. Dawa zenye amonia epuka kabisa: shaba iliyokunjwa kiwandani ikikutana na amonia hupasuka yenyewe, na tangi la karabai limekunjwa kila upande.

Kwa hewa yetu ya chumvi, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila mwezi.

Inawaka kwa moto wa manjano unaoruka juu, na utambi unakuwa mweusi. Nimeshabadilisha utambi mara tatu. (Chake Chake)

Utambi, kile kifuko cheupe, hauna kosa, acha kuununua. Moto wa manjano maana yake mafuta yanafika juu yakiwa maji, au hewa haitoshi. Angalia kwa mpangilio huu.

Joto kwanza. Mafuta ya taa lazima yageuke mvuke ndani ya mrija kabla ya kutoka. Jaza spiriti kikombe kidogo cha kupashia joto kilichomo kwenye taa, legeza skrubu ya kutolea upepo, washa, uache iishe. Inachukua kama dakika moja na nusu. Upepo ukivuma, au taa imekaa muda mrefu, rudia kikombe cha pili. Wengi hufungua baada ya nusu dakika, na hapo ndipo moto unaporuka. Ukiwa tayari, kaza skrubu na upige pampu mpaka geji ifike mstari mwekundu.

Ikiwa joto lilitosha na bado ni manjano, tazama ncha ya kutolea mvuke. Zungusha gurudumu la kuwashia: sindano iwe inachomoza kwenye tundu na kurudi. Isipochomoza, imevunjika au haikukazwa. Tundu likishapanuka kwa kusuguliwa na waya miaka mingi, linatoa mafuta mengi kuliko hewa inayopatikana, na hakuna dawa ila ncha mpya. Nunua na sindano yake. Ya zamani kwenye tundu jipya hailingani.

Kisha pima nafasi baina ya ncha hiyo na mdomo wa bomba la hewa lililo juu yake: takriban milimita 14. Nafasi ikiwa ndogo, hewa haiingii ya kutosha na masizi hujaa. Bomba lenyewe limulike kwa tochi. Buibui na nyigu wanalipenda, na utando mmoja unatosha kuizamisha taa nzima.

Mwisho ni mrija wa mvuke. Ufungue, upulize kwa mdomo. Pumzi ikipita kwa shida, ndani mna kaa la mafuta. Ukiziba sana badilisha.

Utambi wenye tundu usiuendeleze. Moto unaochomoka hapo hupiga chemni mahali pamoja, kioo kikapasuka. Na tambi za zamani zilitiwa thoriamu, ambayo ina mnunurisho (miali isiyoonekana yenye madhara) mdogo. Majivu yake yapanguse kwa kitambaa chenye maji, usiyapulize.

Mafuta ya taa yakikosekana, naweza kutia petroli kidogo? (Makunduchi)

Hapana, hata kijiko. Mvuke wa petroli hulipuka kwenye joto hili, na tangi liko chini ya shinikizo, sentimita chache kutoka motoni. Tangi lililowahi kutiwa petroli limwage, suuza kwa mafuta ya taa mara mbili, liache wazi uani kutwa nzima. Na karabai inayowaka isilale chumbani mmefunga madirisha.

Babu ameacha bunduki ya upepo ya springi. Inapuliza tu, risasi inaanguka miguuni. Ngozi yake ni kama ya karabai? (Micheweni)

Kabla ya ngozi, nenda kituo cha polisi ukaulize kuhusu kibali, bunduki ikiwa nyumbani.

Ngozi ni ndugu, ndiyo. Pistoni ya bunduki za zamani ina kikombe cha ngozi kile kile, na kikikauka upepo hupita pembeni. Lakini anza na rahisi: pindua mtutu, tazama washa ndogo pale mtutu unapokutana na silinda. Ikiwa imebonyea, badilisha hiyo tu, mara nyingi inatosha.

Kufungua silinda ni habari nyengine. Springi imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokwa, na kifuniko cha nyuma kikiachia ghafla kinavunja taya. Inafunguliwa kwenye jiliwa refu la seremala linalobana mwanzo hadi mwisho, likilegezwa taratibu mpaka springi itulie. Bila jiliwa, usiifungue.

Ngozi mpya ilowekwe, kisha ipanguswe mpaka isidondoshe. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni, hewa inayobanwa hupata moto na kuyawasha. Utasikia mlio mkubwa na kuona moshi, na springi inaumia. Wala usiifyatue bila risasi: hewa iliyobanwa nyuma ya risasi ndiyo mto wa pistoni, na bila mto huo pistoni inagonga chuma kwa chuma.