Ndiyo, zilivuja
Umeuliza kama ni kweli nyumba za Le Corbusier, yule msanifu majengo wa Ufaransa mzaliwa wa Uswisi, zilivuja. Kweli kabisa. Villa Savoye, pale Poissy nje kidogo ya Paris, ilikamilika mwaka 1931 na paa lake bapa halikuchelewa kupitisha maji. Madame Savoye, mwenye nyumba, alimwandikia Le Corbusier barua baada ya barua: mvua inanyesha ukumbini, inanyesha hadi bafuni, ukuta wa gereji umelowa chepechepe. Kwangu huo ni uzembe, usiitwe ubunifu. Lakini zile nguzo nyembamba na madirisha marefu ya mlalo vimeigwa dunia nzima, na UNESCO iliitambua nyumba hiyo kuwa Urithi wa Dunia 2016. Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, naye yumo: roshani za nyumba yake ya Fallingwater zilishuka, ikabidi zikazwe kwa nyaya za chuma mwaka 2002.