Mume wangu anasema nimeolewa na uzi

"Shikamoo mama. Nina miaka 34, huu ni mwaka wa 9 nimeolewa, tuna watoto watatu. Tunaishi Njombe na mama mkwe yuko nasi. Asubuhi nafundisha chekechea. Kufuma nilifundishwa na masista nikiwa shule, na miaka miwili hii nimeshika mitandio myembamba ya matundu matundu, ile ya kujitanda mabegani. Mmoja unanichukua kama wiki tatu za usiku. Nimemfumia mwalimu mkuu, jirani, na dada wa kwaya alipoolewa, mingine miwili nimeuza. Mume wangu anasema nimeolewa na uzi. Akinisemesha nainua kidole, kwa sababu nakuwa nahesabu. Mwezi jana aliamka saa saba usiku akanikuta sebuleni na tochi ya simu, akaninunia siku mbili. Mama mkwe anasema nguo ya matundu hata panya anaifuma. Sasa wifi yangu ana sendofu tarehe 13 Desemba, anataka mitandio 8 ya mashangazi, na uzi ninunue mimi, eti 'si unashinda nayo tu hiyo.' Juzi mtoto wangu wa miaka minne akachomoa sindano kwenye kazi ya siku 16. Nilimpiga, mama. Sijawahi kumpiga namna ile. Mume akasema nichague. Je, niache kufuma? Na wifi nimwambie nini? Mfumaji, Njombe."

Marahaba, mwanangu. Usiache kufuma. Nimelitanguliza hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia, maana mengine hayatakufurahisha.

Tuanze na mtoto. Umeandika "nilimpiga, mama," ukaweka nukta mbili tatu, ukarukia kwa mumeo. Mimi nimebaki palepale. Mtoto wa miaka minne anaona sindano mbili zinang'aa juu ya kochi, na anajua hicho ndicho kitu mama yake anachokitazama kila jioni. Atakishika tu. Leo kabla hujawasha jiko mpakate, umwambie mama alikosea kukupiga. Maneno hayo matatu yanatosha, usimpe hotuba. Halafu tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kazi ilale humo, na ndoo ikae juu ya kabati. Sindano juu ya kochi ni kosa la mwenye sindano.

Kazi yenyewe pengine haijafa. Usiivute. Ilaze juu ya meza chini ya mwanga wa mchana, chukua sindano nyembamba kuliko uliyokuwa unatumia, ushuke hadi kwenye mstari ambao vitanzi vyake bado vimesimama vyote, uviokote kimoja kimoja. Kilichofumuka juu ya hapo kiache kiende. Utapoteza siku tano, labda sita.

Tangu leo, kila baada ya mistari 10, weka uzi wa akiba. Sijui masista wenu waliuitaje. Sisi tuliuita hivyo. Unatunga uzi wa pamba wa kushonea, wa rangi nyingine kabisa, kwenye sindano ya mkono, unaupitisha ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano yako, unaacha ncha zinaning'inia pembeni, unaendelea kufuma kama kawaida. Sindano ikichomoka, kazi inafumuka mpaka kwenye uzi ule, inasimama. Kwenye sweta si lazima sana. Kwenye mtandio wa matundu ni lazima, kwa sababu tundu lenyewe unalipata kwa kuzungusha uzi hewani, kitanzi kinazaliwa bila kitanzi chini yake, halafu mbele unafuma viwili kwa pamoja ili hesabu irudi. Kitanzi cha namna hiyo kikianguka hakiachi alama ya kukirudishia. Ndiyo maana iliuma, na mtu asiyefuma hawezi kuelewa kilichokuuma ni nini.

Sasa mumeo. Kiswahili chetu kina fuma, kina fumua, na kina fumania. Huyu bwana ameamka saa saba usiku, kitanda upande mmoja kitupu, akatoka kwa kunyata, akakufumania na mpira wa uzi. Mimi nilicheka nilipofika hapo, nisamehe. Lakini yeye hakucheka, na nadhani najua kwa nini. Tatizo si uzi, wala si saa. Ni kile kidole.

Nami nimekiinua sana. Mwaka fulani nilikuwa nafuma shali ya mtoto wa dada yangu, muundo wa majani, kila mstari una hesabu yake. Marehemu mume wangu akaingia, akavua viatu, akakaa, akasema jambo. Nikamjibu "arobaini na moja." Akanyamaza. Nilipofika mwisho wa mstari nikamuuliza, ulikuwa unasemaje? Akasema si kitu. Siku tatu baadaye nikasikia kwa mke wa mwenzake, sokoni, kwamba kazini wamepunguzwa watu na yeye yumo. Ile shali ipo mpaka leo, nzuri sana, na kila nikiiona nasikia sauti yangu ikisema arobaini na moja.

Sikuambii uache kuhesabu. Mtandio usiohesabiwa unakwenda upande. Ila mistari yako haifanani, na hilo unalijua kuliko mimi. Mstari wa kwenda ndio wenye muundo, wenye kuzungusha na kupunguza. Wa kurudi, kwenye mitandio mingi, ni mtupu, mkono unakwenda wenyewe na mdomo uko huru. Basi mwambie mumeo sheria hiyo waziwazi, kwa maneno haya haya: nikiwa nakwenda niache kidogo, nikiwa narudi niko na wewe. Na uitimize. Ukifika mwisho wa mstari wa kwenda, geuza kazi, iweke magotini, mtazame usoni, muulize alikuwa anasema nini. Ndipo urudi, mkiongea. Kama muundo ulioshika una matundu pande zote mbili, huo ni wa Jumamosi asubuhi wameondoka wote. Jioni mkiwa sebuleni shika kazi ya pili, skafu nene ya mtoto, isiyo na hesabu, ambayo hata ukiombwa chumvi unainuka.

Na saa saba usiku hapana. Saa nne na nusu funga ndoo. Kesho una watoto wa chekechea, na tochi ya simu juu ya uzi mwembamba inachosha macho.

Mumeo naye simwachii. Umeniandikia kila anachokulaumia, hukuandika hata sentensi moja yeye anafanya nini jioni. Anatazama mpira? Nani alimwambia ameolewa na ligi? Watoto watatu, mama mzazi ndani, kazi ya asubuhi, na vyombo vya usiku sidhani kama anaosha yeye. Mtu anayefuma baada ya hayo yote hajaiba muda wa mtu. Na neno "chagua" ni zito mno kwa mpira wa uzi. Mtu akilitoa, nyuma yake kuna jambo jingine analoshindwa kulisema. Muulize ni lipi, ukiwa mikono mitupu.

Mama mkwe. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mtandio wa mama mkwe. Wa mwalimu mkuu nimeuona, wa jirani nimeuona, wa dada wa kwaya nimeuona. Bibi anakaa nawe nyumba moja Njombe, Juni na Julai ile ya kutoa moshi mdomoni, anaona mitandio inapita mbele yake kwenda kwa watu, halafu unashangaa anataja panya? Unaofuata ni wake. Hata kabla ya ule uliofumuka.

Akisema matundu hayapashi joto, usibishane, mvike tu. Kinachopasha joto ni hewa inayonaswa kati ya nyuzi, na uzi wa sufu unainasa vizuri hata ukiwa mwepesi kama bua. Kule Orenburg, Urusi, kwenye baridi ambayo Njombe yetu haijapata kuiona, wanawake wamejitanda shali za matundu za manyoya laini ya mbuzi kwa vizazi. Na visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, walifuma shali nyembamba kiasi cha kupita nzima ndani ya pete ya ndoa. Mwambie hilo la pete, atapenda. Atataka kujaribu na yake.

Mshirikishe mwisho wa kazi pia. Unajua mtandio ukitoka kwenye sindano unavyokuwa, kitambaa cha kufutia meza kilichosinyaa. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, kamua kwa kuviringisha ndani ya taulo, usisokote. Utandaze juu ya godoro, yeye ashike upande mmoja, wewe mwingine, mvute, mpige pini kingo zote. Uache ukauke hapo hapo. Matundu yatafunguka mbele ya macho yake, ule mvurugo ugeuke majani na maua, na kama baada ya hapo atataja panya tena niandikie. Angalizo moja: hili ni la uzi wa sufu. Ule wa akriliki, ambao ndio mwingi madukani, ukitandazwa kwa maji tu unakauka halafu unarudi kujikunja. Kwa bibi tafuta sufu, hata kama ni ghali.

Nimebakiza wifi, naye hesabu yake ni nyepesi. Mitandio 8, kila mmoja wiki tatu, ni wiki 24. Mpaka tarehe 13 Desemba zimebaki wiki 15. Hata usipolala, usipopika, na mtoto asichomoe sindano, ni mitano. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye mapenzi na undugu, haiwezekani, na hiyo si roho mbaya.

Lakini nataka pia ujue kuwa "si unashinda nayo tu" ni neno la zamani sana. Hao wanawake wa Shetland niliokutajia walifuma huku wamebeba mboji ya kuwashia moto mgongoni, vikapu vimejaa, wanatembea, sindano zinakwenda. Ule ulikuwa muda wao wa bure, kama wako. Na wafanyabiashara waliochukua shali zao kwa kawaida hawakuwapa fedha, waliwalipa chai na vitambaa vya dukani, kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Mpaka serikali ya Uingereza ikapeleka tume kuchunguza, mwaka 1872, na wafumaji wakasimama mmoja mmoja kueleza kwamba hawaoni senti. Chai! Wewe hata chai hujaahidiwa, na uzi ununue mwenyewe.

Usimkatalie yote. Ni harusi ya nyumbani kwenu, na wifi akikasirika mwaka huu unaweza kuzisikia hasira zake mpaka ubatizo wa mtoto wake. Mfumie mmoja, wa bibi harusi peke yake. Halafu ufanye hivi: kamati ikikaa, sema mbele ya watu kwamba mtandio huo ndio mchango wako, uandikwe kwenye daftari pamoja na michango mingine, kwa bei ile ile uliyouzia ile miwili. Mweka hazina aandike na tarakimu. Mtu akiona jina lako na kiasi cha fedha mstari mmoja na waliotoa mchele na kreti za soda, hatasema tena unashinda nayo tu. Mashangazi wanunuliwe vitenge, watashukuru zaidi, wengi wao hawapendi kitu kinachonasa kwenye hereni.

Na anayempelekea wifi habari hiyo awe mumeo. Ni dada yake. Si amesema uchague? Achague naye.

Rangi ya mtandio wa mama mkwe usimchagulie. Mpeleke dukani, mkae mbele ya rafu, aguse nyuzi mwenyewe. Utamwazia rangi ya ugoro au kijivu kwa sababu ya umri, na wazee hawa huwa wanatushangaza. Kazi yake ianze leo leo, wa bibi harusi uufuatie ukimaliza. Ikipita tarehe 13 niandikie, uniambie alichukua ipi.